Mgeni kasema "whinge", mimi nikaandika "whinge": kosa liko wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Zanzibar. Juzi mgeni mmoja mama wa Kiingereza alikuja kaunta akaniambia: "Sorry to have a whinge, but the air con in our room has packed up again." Neno sikulijua, ila nikaelewa kuwa kiyoyozi kimeharibika, nikamwita fundi. Usiku nikalitafuta kwenye kamusi, nikakuta maana yake ni kulalamika. Basi kwenye kitabu cha makabidhiano ya zamu nikaandika: "Guest in 214 whinging about AC." Asubuhi meneja akanifokea mbele ya wenzangu kwamba nimemtukana mgeni. Nimelichukua kinywani mwake mwenyewe! Nimekosea nini? Na maneno kama "whine", "gripe" na "moan" ni yale yale? Halafu mwenzangu anasema hata tahajia nimekosea, inatakiwa "whingeing". Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, dada. Kukufokea mbele za watu si uungwana, lakini kuhusu neno lenyewe meneja wako yuko sahihi. Maana uliipata. Tatizo ni kwamba "whinge" ni neno ambalo mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila madhara, ila akilitumia kwa mwingine linageuka hukumu.

Kulalamika kwa Kiingereza cha kawaida ni "complain", na kitenzi hicho hakimpendelei mtu. Ukiandika kwamba mgeni "complained", hujasema ana haki wala hana. Umesema tu kwamba amelalamika. "Whinge" limeshaamua kesi. Anayelitumia anasema kwa mkupuo mmoja kwamba mtu fulani analalamika, kwamba amezidisha, na kwamba jambo lenyewe halistahili kelele zote hizo. Kamusi nyingi ndogo zinatoa ile sehemu ya kwanza tu, ndiyo maana ukanaswa. Kamusi kubwa huongeza kwamba ni neno la mazungumzo na kwamba lina kero ndani yake, ila maelezo hayo huwekwa kwa vifupisho vya herufi ndogo ambavyo hakuna mtu anayevisoma.

Kiswahili tunalo neno linalokaribia sana: kulialia. Mtoto kanyimwa pipi, sasa anamfuata mama yake jikoni, uani, mpaka mlangoni kwa jirani, machozi hayatoki lakini sauti haikatiki. Huyo analialia, na mama wa London angemwambia "Stop whingeing!" Kulia ni kulia, ukikirudufu kitenzi, dharau inaingia. Sasa jisomee sentensi yako kwa Kiswahili: "Mgeni wa 214 analialia kuhusu kiyoyozi." Usingethubutu kuiandika kwenye kitabu ambacho kila zamu inakisoma. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya wananchi. Haijawahi kufungua dirisha la malialio.

Swali lako gumu zaidi ni hili: kama neno ni baya, kwa nini mama yule alijiita hivyo?

Kwa sababu alikuwa anajishusha. Waingereza wengi wanapotaka kudai kitu huanza kwa kujilaumu kwanza, ili usije ukawaona wakorofi. Utawasikia wakisema "Sorry to be a pain", yaani samahani kwa usumbufu wangu. "I hate to make a fuss", sipendi kuleta zogo. "I don't want to whinge, but…" Maneno hayo ni hodi tu. Mtu anajiita mlalamishi kabla wewe hujamwita, na akishajiita hivyo anatarajia umjibu kinyume chake: "Not at all, madam, I'm so sorry about that." Ndiyo adabu inavyokwenda. Ukiyachukua maneno yake ukayaandika kama yalivyo, ni kama umemjibu "ni kweli, unatusumbua".

Kwa hiyo ukisikia hodi ya namna hiyo, usiishughulikie sana. Sikiliza kinachokuja baada ya "but". Katika sentensi ya mgeni wako neno zito kuliko yote halikuwa "whinge". Lilikuwa "again". "Packed up" ni lugha ya mazungumzo ya Waingereza kwa kifaa kilichogoma, na "again" maana yake si mara ya kwanza. Mama yule alikuwa amekasirika, tena kwa haki, akaivika hasira yake nguo ya utani. Meneja anayewajua Waingereza hulisoma neno hilo moja tu akajua kwamba zamu iliyopita ilipokea taarifa na haikufanya kitu, au fundi alikuja akabahatisha. Na hilo ndilo lililokosekana kwenye maandishi yako. Mimi ningekuwa meneja, hilo la "again" ningekuuliza kabla hata sijafika kwenye "whinging".

Iko namna nyingine ya "whinge" ambayo haidai chochote. Wafanyakazi wawili wameketi na chai zao, wanaisema treni iliyochelewa, wanaisema mvua, bei, bosi. Jioni mmoja atasimulia, "We had a good whinge," na hapo "good" ni "good" kweli: waliyatoa ya moyoni, wakapumua. Hakuna anayetaka suluhisho katika kikao hicho. Anataka mwenzake aseme "I know, it's awful" au "Tell me about it", ambayo, licha ya inavyosikika, si ombi la kusimuliwa zaidi. Ni kukubaliana tu, kama sisi tunavyoguna "acha tu". Wewe utaikuta namna hii mwezi wa nne, masika ikiwa imeshika, mgeni kasimama barazani anaitazama bahari iliyogeuka kijivu. Anachohitaji ni kupewa pole na chai. Mwenye kiyoyozi kibovu anahitaji pole na fundi. Kipimo chake ni chepesi: je, jambo lenyewe liko ndani ya uwezo wa hoteli?

Ukiuliza asili yake, "whinge" ni neno la kale sana. Linatokana na Kiingereza cha zamani, "hwinsian", na lina ndugu yake Kijerumani, "winseln", ambalo Wajerumani hulitumia hadi leo kwa mbwa anayelia kwa sauti nyembamba akitaka kufunguliwa mlango. Kwa karne nyingi lilikuwa neno la Scotland na kaskazini mwa Uingereza. Leo liko Uingereza nzima, Ireland, Australia na New Zealand. Wamarekani wengi wanalielewa, lakini wao hawalitumii sana.

Huko Australia ndiko lilikopatia umaarufu wake mkubwa, na kisa chake kinaonyesha kwa nini nakuambia lina hukumu ndani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Australia ilitaka watu. Mwaka 1945 ikaanzisha mpango wa kuwasaidia Waingereza kuhamia huko: mtu mzima alilipa pauni 10 tu kwa safari nzima, watoto bure. Masharti yalikuwa kwamba ukae angalau miaka 2. Ukitaka kurudi kabla ya hapo, unailipa nauli iliyogharamiwa na serikali, na juu yake unajitafutia nauli ya kurudi. Wakaitwa "Ten Pound Poms", Pom likiwa jina la utani ambalo Waaustralia huwaitia Waingereza. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamekwenda zaidi ya milioni moja. Julia Gillard, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Australia mwaka 2010, alizaliwa Barry huko Wales na alipelekwa na wazazi wake mwaka 1966 akiwa mtoto mdogo.

Wengi walikuwa wameonyeshwa picha za jua, nyumba na bustani. Waliposhuka melini, baadhi yao walipelekwa kwenye hosteli za serikali, nyingine zikiwa mabanda ya mabati yaliyokunjwa nusu duara, mabaki ya kambi za jeshi. Wewe unaijua nyumba ya bati isiyo na dari ilivyo saa nane mchana wa kiangazi. Familia zililala humo, zikala kwenye mabwalo ya pamoja, zikangoja. Watu wakalalamika: joto, chakula, kazi zisizofanana na walizoahidiwa. Wenyeji wakawajibu kwa maneno mawili, "whingeing Poms", yaani Waingereza wa kulialia. Karibu robo yao walirudi kwao, na wengine wakishafika kwao wakaona afadhali Australia, wakapanda meli tena.

Mabati yalikuwa na joto kweli. Lakini ukishamwita mtu "whinger", huna haja tena ya kwenda kupima joto la mabati. Ndiyo kazi ambayo neno hili hufanya kila linapotumiwa na mwenye nguvu dhidi ya asiye nazo: msimamizi kwa mfanyakazi, mwenye nyumba kwa mpangaji, msemaji wa serikali kwa wananchi waliokosa maji.

Siku hizi "whingeing Pom" limebaki zaidi kuwa utani wa kriketi, hasa Uingereza na Australia zinapogombea Ashes, taji lao la kriketi. Baa ya hoteli yenu inaweza kuwakusanya wote wawili jioni moja na utalisikia. Cheka ukipenda, lakini usilidakie. Utani wa watani ni wao.

Sasa hayo maneno mengine uliyouliza.

"Whine" linafanana na "whinge" kwa sura na ukoo wao ni mmoja wa mbali, lakini asili yake ni sauti. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa mlio wa mshale unapokata hewa. Bado limebeba ile sauti nyembamba, ndefu, inayokera: mbu anaweza "whine" sikioni, feni mbovu inaweza "whine" usiku kucha, mbwa pia. Hakuna feni inayoweza "whinge". Hilo ni la binadamu tu. Ukisema mtu "is whining" unasema pia sauti yake inakuchosha. Wamarekani hulitumia hili mahali ambapo Mwingereza angesema "whinge", na kwenye kitabu cha zamu linaudhi vilevile.

"Gripe" ni tofauti kidogo, na nadhani umeshalishika mkononi bila kujua. Ile chupa ya "gripe water" ambayo mama zetu wameinunua miaka na miaka kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya watoto wachanga wenye msokoto wa tumbo, "gripe" yake ndiyo hiyo. Dawa hiyo ilitengenezwa Uingereza na William Woodward mwaka 1851. Kitenzi chenyewe zamani kilikuwa na maana ya kukamata na kubana. Kikatoka hapo kikawa maumivu ya kubana tumboni. Na Marekani, katika karne ya 20, kikawa kulalamika. Njia ni ile ile iliyofuatwa na "bellyache", ambalo ni maumivu ya tumbo na pia ni kulalamika ovyo. Hata hivyo, kama nomino, "gripe" limepoa. Wageni huliandika kwenye maoni yao mtandaoni: "Our only gripe was the wifi." Ukiliona, usishtuke. Neno la kufurahia hapo ni "only": mgeni anasema kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa intaneti. Hiyo ni sifa, na meneja mwerevu atakwenda kuitengeneza intaneti.

"Moan" liko karibu kabisa na "whinge". Waingereza husema "have a moan" na "have a whinge" bila kutofautisha sana, ingawa "moan" ni laini zaidi kidogo. Lakini maana yake ya kwanza ni kuguna kwa maumivu, au kwa raha, na hapo pana mtego. Sitaki kufikiria zamu ya asubuhi ingecheka kiasi gani kama ungeandika kwamba wageni wa 214 walikuwa "moaning" usiku. Liache.

"Grumble" ni kunung'unika: sauti ya chini, kinywa nusu kimefumbwa. Ndilo ambalo tafsiri mpya za Biblia ya Kiingereza hulitumia kwa Waisraeli waliomnung'unikia Musa jangwani. Kwako lina faida nyingine, maana wageni wazee ukiwauliza hali watakujibu "Mustn't grumble". Usiulize kimewasibu nini. Ni jibu la salamu tu, sawa na mtu wa kwenu Unguja akisema "alhamdulillahi".

"Beef" kwa Kiingereza laweza kuwa lalamiko alilonalo mtu dhidi ya mtu. Vijana wetu wamelichukua likawa bifu, wakaliegemeza upande wa ugomvi, hasa wa wasanii wa Bongo Fleva. Ukisema mgeni ana bifu na hoteli umetangaza vita. "Rant" ni kufoka kwa hotuba ndefu. "Kvetch" limetoka Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambako maana yake ni kukamua, na utalisikia kwa watu wa New York. Liko na lile linaloanza kwa herufi b, ambalo pia ni jike la mbwa. Watalii vijana hulitumia kama maji, na wewe hulitumii kazini hata kwa mzaha.

Katika yote hayo, lililo salama kwenye maandishi ya kazi ni "complain" na nomino yake "complaint". Wengine hupendelea "reported" pale ambapo ni hitilafu tu ya kifaa, na mimi niko upande wao: mtu aliyesema taa haiwaki hajalalamika, ametoa taarifa.

Nikumbushe kitu kwa wasomaji wengine wa safu hii walioko Uingereza, maana nyumba za kulelea wazee huko zina Waswahili wengi. Mtindo wa kujishusha niliouelezea una hatari ukiutumia kwa mwajiri. Umepangiwa zamu za usiku mfululizo kinyume cha mkataba, unamwandikia msimamizi: "Sorry to whinge, but…" Mwingereza mwenzake angeelewa kuwa ni adabu. Msimamizi asiyetaka kuelewa atalichukua neno lako kama lilivyo: kumbe hata mwenyewe anakiri analialia. Lalamiko rasmi la mfanyakazi kwa mwajiri wake huko huitwa "grievance", na shirika la umma liitwalo Acas limetoa mwongozo wa jinsi linavyopaswa kushughulikiwa. Andika "I would like to raise a grievance", weka tarehe, eleza kilichotokea. Adabu ibaki kwenye salamu.

Tahajia: wewe na mwenzako nyote mko sawa. "Whinging" na "whingeing" zote hukubalika. Wanaobakisha ile "e" wanataka msomaji asiitamke "g" kwa ugumu, kama wanavyotofautisha "singeing", kuunguza juu juu, na "singing", kuimba. Mimi huandika "whingeing". Wakati uliopita ni "whinged", na mtu mwenyewe ni "whinger". Matamshi ndiyo ambayo wengi wetu hukosea: si "winge" lenye "ng" ya "nguo". Ni silabi moja, "winj", na "j" yake ni ya "njaa"; mlio wake wa mwisho ni sawa na wa "hinge", bawaba ya mlango. Ile "h" haisikiki, ila ukikutana na Mskoti anaweza kukupulizia kidogo. Hutumiwa na "about" kwa jambo na "to" kwa msikilizaji: "He's always whingeing to me about money." Mbele yake usiweke kitu moja kwa moja, "he whinged the food" si Kiingereza.

Watu wa Kenya wanisamehe kwa neno moja nililolitumia hapo juu. Bara na visiwani Tanzania, mlalamishi ni mtu mwenye tabia ya kulalamika, karibu sawa na "whinger", wakati huyo mwenye shauri mahakamani ni mlalamikaji. Kwenye magazeti ya Nairobi mlalamishi ndiye mwenye kesi, mtu wa heshima zake. Ukiwa na wageni au wakubwa kutoka pande zote mbili, chagua kwa uangalifu.

Tumalizie na kitabu chako. Usikifute ulichoandika, vitabu vya zamu havifutwi. Kikate kwa mstari mmoja, tia sahihi, kisha chini yake andika hivi: "Room 214: guest reported AC not working for the second time. Technician called at 20:40. Please check with guest in the morning." Saa weka ile ya kweli, na kama ni mara ya tatu sema ya tatu. Halafu kabla zamu yako haijaisha, muulize fundi kama alibadilisha kifaa au alikizima na kukiwasha tu, kwa sababu mama yule akirudi kaunta mara nyingine hatasema "sorry".